Kula Nyingi za Mama Kulwa

Jumatano, tarehe kumi na moja Februari. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne, ikakatika kama bomba lililofungwa, na jua likawaka mpaka mabati yakatoa mvuke. Nilikuwa naanika nguo zilezile kwa mara ya pili nilipomwona mwanamke mtu mzima anavuka mtaro wa jirani, viatu mkononi, kitenge amekipandisha hadi magotini. Hata kabla sijaiona sura nilimjua kwa mwendo. Mama Kulwa! Miaka kumi na miwili sijamtia machoni. Amekuja hapa Didia kwa harusi ya mjukuu wa dada yake, akauliza steshenari ya Kabula iko wapi, watu wakamleta hadi mlangoni. "Shikamoo Mama!" "Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Umenenepa, ndiyo vizuri." Nikamkalisha, nikampa chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyoipika kwa karanga. Hakufika nusu ya kikombe. Alipangusa mdomo, akatazama mlangoni kuhakikisha tuko wawili tu, akaniuliza: "Kabula, hivi bado nimo?"

Nilijua papo hapo anaulizia wapi. Nikasema chumvi imeisha, nikatoka. Chumvi ilikuwepo, mfuko mzima. Nilisimama nyuma ya duka la jirani, mtu wa karibu miaka arobaini, nimemkimbia mgeni wangu mwenyewe aliyeniwekea chakula mbele yangu mwaka mzima. Mimi si msomi, niliishia kidato cha pili, na mara nyingi najiuliza kama haya ninayoyaandika kila jioni yana maana kwa mtu yeyote. Lakini kitu kimoja nimejisifia moyoni siku zote, kwamba naandika kwa haki, la huyu na la yule. Daftari la mwaka ule wa Kharumwa liko hapa mbele yangu, mchwa wamekula pembe moja, na nimelisoma lote leo. Nitaeleza lilivyo, nisijipendelee.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma nyumbani kwa Mama Kulwa. Wilaya ilikuwa bado mpya, na Kharumwa ilijaa watu wenye mafaili kwapani wakitafuta ofisi ambazo hazijapigwa rangi. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo na msumari wa kutundikia gauni. Ukuta wake haukufika kwenye paa, kwa hiyo kila lililosemwa sebuleni liliruka likaniangukia kitandani. Na sebuleni pale hapakuwa na kimya, maana Mama Kulwa alikuwa diwani wa kata yetu. Saa kumi na mbili asubuhi watu wameshabisha hodi. Yeye anamenya karanga huku anasikiliza. "Mheshimiwa, ng'ombe wake wamekula mpunga wangu wote." "Wote? Jana nilipita pale nikauona." "Basi nusu." "Hiyo nusu nayo nitakwenda kuiona. Keti unywe uji." Nilikuwa nacheka peke yangu shuka mdomoni. Na nilikuwa naandika. Mchana kazini, jioni natoka na kibao changu nakaa jikoni tunakula pamoja, ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na kama kuna mgeni, kuku. Hakuwahi kuniambia mpangaji ale chumbani kwake.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua kwenye steshenari ya Mwalimu Bundala, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata Jumapili. Alikuwa na kompyuta moja, na mashine ya kutoa kopi ambayo haikuamka mpaka uipige kofi ubavuni. Ukutani alibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: R SI L. Sisi Wasukuma kwenye ulimi wetu hiyo R haina kiti. Tunasema balabala, tunasema habali, na mtu akichapa anachokisema, basi barua ya kwenda kwa mkuu wa wilaya inakwenda imevaa L kila mahali. "Miaka thelathini nimepigana vita hii," alikuwa akisema Mwalimu, "na nimestaafu nikiwa nimeshindwa." Nami nikacheka, sikujua kuwa vita yenyewe itanifikia.

Siku moja mama mmoja alikuja kuchapishiwa habari za mbunge, binti yake ameagizwa shuleni. Tukazipata kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya Kiswahili inayoandikwa na watu wa kujitolea. Mistari mitatu tu: alizaliwa, chama chake, jimbo lake. Juu ya ukurasa niliona neno Hariri. Mimi hariri nilijua ni kitambaa. Nikalibonyeza kwa udadisi tu, na ukurasa ukafunguka wote, maneno yakalala mbele yangu kama unga kwenye ungo, unaweza kuyagusa! Nikaenda kwenye ukurasa wa Kharumwa, nikakuta wameandika bila h. Nikaiweka h. Nikabonyeza Hifadhi. Ikakaa. Nilitoka nje mbio hadi kwa fundi baiskeli. "Nimeibadilisha Kharumwa dunia nzima!" Fundi akainua uso kwenye spoku. "Dunia nzima? Hata Shinyanga?" "Hata Shinyanga!" Akaacha baiskeli ya watu imelala chali, akaja kuiona hiyo h kwa macho yake.

Sijui wengine hufurahi vipi wanapopata kazi kubwa au gari. Mimi mwaka ule nilifurahi hivyo. Nilikuwa naamka nikiiwaza ile kompyuta. Na wazo likanijia nikiwa naosha vyombo: mbunge yumo, ambaye nimemwona mara moja akipita, naye nisimlaumu, jimbo ni kubwa. Mama Kulwa, ambaye vijiji vyote vya kata vinapita sebuleni kwake, hayumo. Nikamwandika. Ilinichukua siku kumi na moja, kila saa ya chakula cha mchana. Niliandika alivyofuatilia zahanati mpaka ikapata mkunga. Niliandika kisima kilichochimbwa baada ya yeye kukataa kutoka kwenye ofisi fulani hadi asainiwe karatasi. Lakini kwa kuwa nataka haki, niliandika pia kwamba pampu ya kisima hicho iliharibika kabla ya mavuno, na kwamba wako wanaosema kilichimbwa karibu mno na kwa kaka yake.

Nilimsomea jikoni kabla ya kuuweka ukurasa mtandaoni. Alikuwa anasonga ugali. Alifurahi, nikaona mgongo wake unafurahi, mpaka nilipofika kwenye kisima. Mwiko ukasimama. "Hilo la kuharibika umeliweka la nini?" "Kiliharibika, Mama." "Na hilo la kaka yangu?" "Wanalisema, Mama. Nimeandika wanasema." Moto ukalia chini ya sufuria. Nilijua naweza kuhamishwa chumba kesho. Akarudi kusonga. "Kiliharibika kweli," akasema. "Acha. Lakini uandike na ile siku nilipoanguka kwenye baiskeli ya diwani mwenzangu nikienda kukagua." Nikaandika.

Ukurasa uliwekwa siku ya Jumatatu. Jumatano akaja Baba Maduhu. Huyu ndiye aliyegombea udiwani na Mama Kulwa akashindwa. Alikuwa na karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi jeupe halikumtoka kwenye nyusi hata akiwa na suti. Aliniamkia kwa adabu, akaniomba nimtolee ukurasa wa Mheshimiwa, kopi ishirini. Nikafurahi, nikawaza, kumbe hata mpinzani anauheshimu! Nikaipiga mashine kofi, karatasi zikaanza kutoka za moto, na kwenye ile ya tatu macho yangu yakaangukia mstari wa pili. Nilikuwa nimeandika: "Alichaguliwa kuwa diwani kwa kula nyingi kuliko mgombea yeyote katika kata hiyo." Kula. Si kura, kula! Nikainua uso. Baba Maduhu amefumba mdomo, mabega yanatikisika. "Endelea, binti, endelea," akasema, "mashine isipoe. Hata mimi sikatai. Kwa kula alinishinda." Nilitaka ardhi inimeze. Lakini alikuwa mteja kama mteja mwingine. Nikamtolea zote ishirini.

Siku hiyohiyo zilikuwa zimebandikwa: kwenye karasha, kwenye mti wa stendi, kwenye mlango wa mashine ya nafaka, mstari wa pili umezungushiwa wino mwekundu. Watu wakimwona Mama Kulwa wanamwamkia, "Mheshimiwa wa kula nyingi, mwadila!" Nilirudi nyumbani nikakuta ameketi na karatasi moja mapajani. Nikapiga magoti kabisa. "Wewe, Kabula, ningekuwa mimi mwalimu wako ningelia." Kisha akaanza kucheka, cheko la tumboni, hadi karanga zikamwagika. Kwenye mkutano wa hadhara wa wiki hiyo alisimama kabla hajasomewa ajenda. "Wameandika mlinipa kula nyingi. Ni kweli! Kila kijiji nilichopita mlinilisha. Sasa aliyenilisha aje anidai zahanati, na asiyenilisha aje pia, nitamlisha mimi!" Watu walipiga makofi mpaka mbwa wakakimbia.

Nilirudi kazini kwa kishindo nikairekebisha ile herufi. Na hapo ndipo nikakuta juu ya ukurasa kisanduku cha rangi: makala hii imependekezwa kufutwa. Aliyependekeza alikuwa mhariri aliyejiita Mlinda Kurasa. Sababu yake ilikuwa maneno machache: "Ni diwani tu. Hakuna dalili ya umaarufu. Hakuna vyanzo." Majadiliano siku saba. Niliisoma mara nne nikiwa nimesimama. Diwani tu!

Habari ilitembea kuliko ile ya kula. Steshenari ikajaa. "Huyo Mlinda Kurasa anakaa wapi?" aliuliza fundi baiskeli. "Sijui." "Basi yeye ndiye si maarufu!" Mwanamke mwenye mgahawa wa jirani akasema, "Kutoka hapa hadi mgodini, nani hamjui Mama Kulwa? Hata ng'ombe wanamjua, amewapiga faini." Mwalimu Bundala akajaribu kutuliza: maarufu kwa watu hao maana yake si kujulikana tu, ni kuandikwa na wengine, kwenye magazeti, kwenye vitabu. "Mwalimu, nani aje huku kumwandika? Aliyekuja ni Kabula." Wote wakanigeukia. Sikuwahi kuwa aliyekuja. Nakiri nilipenda.

Siku ya tatu akaingia Baba Maduhu, bila suti, vumbi hadi kope. Watu wakampisha. Akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Andika, binti. Nitasema polepole." Nikaweka vidole tayari. "Mimi ndiye niliyegombea naye nikashindwa. Nilitumia nguvu zangu zote, na jina langu linajulikana kwenye maduara, mashimo yote ya dhahabu ya huku. Kama huyu mama si mtu wa kuandikwa, mimi niliyeshindwa naye ni nani? Abaki." Akasogea kwenye skrini. "Umeandika abaki?" "Nimeandika, Baba." "Soma." Nikasoma. "Basi tuma, na usiweke L mahali." Hapo foleni ikaanza, kweli kabisa kama siku ya uchaguzi, kila mtu anasema jina lake na neno lake, abaki, abaki, mwingine akasema abaki lakini kisima kitengenezwe, nami nikaandika na hilo. Mama Kulwa mwenyewe hakuja. Alisema mjumbe hakai kikao kinapojadili jambo lake.

Mlinda Kurasa alijibu kesho yake, kwa upole, lazima niseme hivyo. Aliandika kwamba amesoma yote na ameguswa, ila hii si kura. Hata wangekuja elfu, linalotakiwa ni vyanzo. Kisha akaniuliza mimi, kwa jina nililojiandikisha nalo: "Je, mwandishi ana uhusiano wowote na mhusika wa makala?" Nilikaa na swali hilo mchana kutwa. Mwalimu Bundala alinipita mara mbili na rundo lake la karatasi. Ningeweza kuandika hapana, nani angejua? Lakini nilikuwa nimewaandika watu mwaka mzima, kila mmoja na lake, nikaona aibu kujiruka mwenyewe. Nikajibu: "Nimepanga chumba kwake. Jana jioni nilikula kwake, na leo nitakula kwake. Gazeti sina. Nilichonacho ni daftari langu." Nikabonyeza Hifadhi. Nilijua nimemfuta kwa mkono wangu.

Mama Kulwa alikuwa amekwenda kwenye kikao cha baraza la madiwani, siku tatu. Siku ya sita ya majadiliano nilichapisha ukurasa wake, kura ikiwa kura, lakini kile kisanduku cha rangi kilikuwa bado juu. Nikachukua mkasi. Nikakikata, nikanyoosha ukingo kwa rula. Siku ya saba ukurasa haukuwepo. Mama Kulwa alirudi akiwa na vumbi la barabara, hata mkoba hajautua. "Imekuwaje?" akauliza. Ua lote limejaa watu, fundi, mama wa mgahawa, Baba Maduhu na mbuzi aliyemvuta kwa kamba kwa ajili ya sherehe. Simu za kuingia mtandaoni zilikuwa chache, na hakuna aliyekuwa ameangalia. Nikampa karatasi. "Hii hapa, Mama." Vigelegele vikapasua hewa. Sikusema umebaki. Nilisema hii hapa. Miaka yote hii nimejitetea kwa maneno hayo mawili. Mwalimu Bundala aliishika karatasi, akapitisha kidole kwenye ule ukingo wa juu ulionyooka mno, akanitazama, akamrudishia mwenyewe. Jioni ile tulikula mbuzi. Miezi minne baadaye nikahamia Didia, na karatasi nikaiacha Kharumwa, kwenye fremu, juu ya kochi la wageni.

Nikilisoma daftari leo naona jambo ambalo sikuliona wakati ule. Mtu nisiyemjua, nisiyejua hata anaishi wapi, nilimpa ukweli wote. Aliyenilisha nikampa karatasi iliyokatwa kichwa. Sijui kama niliogopa kumhuzunisha, au nilipenda mno zile siku za watu kunigeukia, sikutaka ziishie vibaya. Pengine yote mawili.

Nilirudi ndani bila chumvi. Alikuwa amemaliza chai. "Mama," nikasema, "haumo. Ulifutwa siku ya saba. Ile karatasi niliichapa siku moja kabla, nikakata kwa mkasi onyo la kufutwa lililokuwa juu yake." Aliangalia mikono yake. "Miaka kumi na miwili nawaonyesha wageni," akasema mwishowe. "Paroko ameiona. Wakwe zangu wameiona." Nikakaa chini, kwenye sakafu, kama mtoto aliyevunja chungu. Sikuomba anisamehe, kwa sababu niliona ningekuwa namwongezea kazi. Mvuke ulikuwa bado unapanda kutoka kwenye mabati, wa mwisho mwisho.

Kisha akaketi vizuri, na nikaisikia ile sauti ya sebuleni iliyokuwa ikiruka ukuta. "Nani alileta hoja?" "Mlinda Kurasa." "Nani aliunga mkono?" "Wawili, Mama. Siwajui." "Kulikuwa na kanuni, au walikuwa na chuki tu?" "Kulikuwa na kanuni. Walitaka magazeti." Akatikisa kichwa taratibu. "Magazeti hatukuwa nayo. Na wewe walikuuliza nini?" "Kama tuna uhusiano." "Ukasemaje?" "Kwamba nakaa kwako, nakula kwako." Mdomo ukaanza kumtoroka pembeni. "Kula!" akasema. "Uliandika kwa L?" "Kwa L, Mama. Safari hiyo ndiyo ilikuwa yenyewe." Akacheka, si kama zamani, na machozi yalikuwemo, lakini alicheka. "Basi hukudanganya kikao. Umenidanganya mimi tu. Hilo tutalimaliza sisi wawili, taratibu." Akaomba kalamu. Nikadhani anataka kuandika, kumbe alikuwa ananipa mimi. "Sasa sikia. Kile kisima ulichosema kimeharibika. Kina pampu mpya, kinatoa maji mpaka leo, na kwa kaka yangu wanachota kama watu wote, kwa foleni. Hilo nalo liwemo. Hata kama ni kwenye hilo daftari lako, liwemo." Nimeliweka. Fremu amesema haiondoi ukutani, ila atawaambia wageni karatasi ilikatwa juu na nani, na kwa nini.

Harusi inaanza kesho, kwa hiyo analala kwangu. Nilipika, akakataa kukaa tu, akachukua mwiko akasonga mwenyewe. Jioni hii tumekula ugali wa mtama, nsansa ya karanga na maziwa ya mgando, na yeye ameongeza mara mbili. Nimesoma tena nilichoandika, herufi kwa herufi. Ni kula.